Malaba hadi Muhokya: siku saba za kusoma kuta za shule kongwe za Uganda

Siku ya 1. Malaba, Tororo, Nabumali, Mbale

Vifaa vyote vinaingia kwenye mkoba mmoja: futi kamba ya mita 5, msumari wa inchi 4, tochi, chupa ya kunyunyizia maji, daftari na barua. Barua ndiyo inayofungua geti. Shule kongwe nyingi za sekondari Uganda ni za serikali kwa mishahara ya walimu, lakini ardhi na jina ni vya kanisa lililozianzisha. Sheria ya elimu ya miaka ya 1960 ilichukua uendeshaji, haikuchukua kilima. Kwa hiyo barua iende kwa mkuu wa shule, na nakala kwa uongozi wa kanisa husika, wiki mbili kabla. Anayetaka kupiga picha aandike picha za nini hasa: kuta, paa, madirisha. Wanafunzi wasiingie kwenye fremu. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Desemba usijisumbue, ni msimu wa mitihani ya taifa na mlinzi hatakuelewa hata ukimwamkia mara tatu.

Kutoka Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hadi Tororo ni mwendo mfupi wa taksi (matatu hapa huitwa taksi, taksi ya Nairobi hapa ni "special hire"). Mwamba wa Tororo unaonekana mapema, na karibu nao ndipo ilipoanza saruji ya Uganda, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Tarehe hiyo iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, maana inagawa majengo yote ya safari hii makundi mawili. Kabla yake, saruji ilitoka ng'ambo kupitia Mombasa na ilikuwa ghali, hivyo ilitumika kwa kupimwa: sakafu, ngazi, kizingiti. Ukuta wenyewe ulisimama kwa udongo na chokaa. Baada yake unaona linta za zege (boriti juu ya mlango na dirisha), mikanda ya zege juu ya ukuta, madirisha mapana ya vioo vya kukunja. Shule ya wasichana ya Tororo, iliyojengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Marekani, ni ya kundi hili la pili.

Nabumali iko kando ya barabara ya kwenda Mbale, chini ya milima. Wamisionari wa CMS, jumuiya ya kimisionari ya Kanisa la Uingereza, walifika hapo mwaka 1900, na shule ya sekondari ya leo inahesabu umri wake tangu hapo. Kipimo cha kwanza ni ukuta wenyewe: tofali la zamani lina urefu wa inchi 9, upana wa inchi 4 na nusu, kimo cha inchi 3. Ukuta wa tofali moja basi ni inchi 9, ukuta wa tofali moja na nusu ni inchi 13 na nusu, na hapo ongeza plasta. Ukipima dirishani ukapata zaidi ya inchi 13, uko mbele ya ukuta ulioachiwa uzito wake ubebe paa, bila nguzo wala mkanda.

Kulala Mbale. Ni jiji tangu Julai 2020, pamoja na Jinja na Fort Portal tutakakopita.

Siku ya 2. Mbale, Mwiri, Jinja

Mapema, kwa sababu malori ya Malaba hayana huruma.

Ukipita Iganga kuelekea Jinja, karibu na mashamba ya miwa ya Kakira, kuna kilima cha Mwiri. Busoga College ilianza 1911 ikiitwa Balangira, yaani shule ya wana wa watawala, ikahamia kilimani hapa 1933. Milton Obote alisoma hapa. Swali la kwanza la mgeni ni kwa nini shule hizi zote ziko juu ya vilima, mbali na maji. Jibu lina sehemu tatu. Wamisionari waliogopa homa ya malaria mabondeni. Watawala waligawa vilima kwa heshima, si mabonde. Na katika Buganda, Mkataba wa 1900 kati ya ufalme huo na Uingereza uliyapa makanisa maili mraba 92 za ardhi, sehemu kubwa vilimani walikokwisha kujenga.

Gharama ya uamuzi huo inalipwa hadi leo kwa maji. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita mraba 1 ya paa ni lita 1. Jengo la madarasa matatu lenye paa la mita 24 kwa 8 lina mita mraba 192. Mvua moja nzito ya milimita 30 inaleta lita 5,760. Penye gata na tangi, hayo ni maji ya kunywa. Gata ikitoboka, lita zote hizo zinaanguka kwenye mstari mmoja chini ya ukuta, zinachimba mfereji, zinarusha tope hadi kimo cha goti. Tazama rangi nyekundu chini ya ukuta wowote mweupe wa shule: kimo cha doa hilo ndicho kimo cha tatizo. Paa likitokeza sentimita 60 nje ya ukuta, doa hushuka. Likitokeza 30 tu, hupanda hadi dirishani.

Mbao za Busoga zilikuwa mvule. Mchwa huuacha, kwa hiyo milango ya zamani bado inafunga vizuri, na fremu za msonobari zilizowekwa juzi ndizo zimekuwa unga. Fundi akikwambia "tubadilishe mbao zote za zamani," mwombe achome msumari kwanza. Ukiingia milimita mbili na kukwama, mbao ni nzima.

Jioni Jinja. Barabara kuu ina maduka ya Wahindi yenye miaka ya ujenzi iliyofinyangwa kwa plasta juu ya paa, na ni darasa zuri la kusoma tarehe. Kabla ya uhuru shule zilitengwa: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika. Zile za Wahindi zilijengwa mjini, si kilimani, kwa michango ya wafanyabiashara, mara nyingi zikiwa na ua katikati na varanda pande zote. Wenyewe walipofukuzwa 1972, majengo yalibaki na mengi ni shule za serikali hadi leo. Kwa hiyo mji wa Uganda waweza kuwa na historia mbili za sekondari: ya kilimani yenye kengele ya kanisa na ya mjini yenye ua. Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi wa zamani, Kiswahili ni cha kila siku, na ukiuliza njia ya shule utajibiwa kwa lugha hii bila kujikwaa.

Siku ya 3. Jinja, Namilyango, Kampala

Kilomita 80 hadi Kampala, kwa daraja jipya la Nile lililofunguliwa 2018, kisha msitu wa Mabira. Kuingia Namilyango ni kwa njia ya Seeta.

Chuo cha Namilyango kilianzishwa 1902 na mapadri wa Kikatoliki wa Mill Hill, na ndicho sekondari kongwe ya bweni nchini. Mwaka huo una sababu. Reli kutoka Mombasa ilifika Ziwa Viktoria, upande wa Kisumu, mwaka 1901. Kabla ya hapo kila bati lilibebwa kichwani kutoka pwani, miezi ya njia. Baada ya hapo bati lilishuka kwenye meli na kuvuka ziwa. Namilyango 1902, Gayaza 1905, Budo 1906: shule tatu ndani ya miaka mitano tangu mzigo mzito uanze kuvuka ziwa. Nyasi zilikuwa tele, lakini paa la nyasi linataka kubadilishwa kila baada ya miaka michache na linawaka kwa cheche moja.

Kati ya Mukono na Kampala kuna shule moja, jina tuliache, ambayo inafaa kuangaliwa kwa karibu kuliko zote. Kizingiti cha dirisha la tatu upande wa magharibi: tofali jekundu laini, viungo vyake vimezibwa upya kwa saruji ngumu ya kijivu. Kwa mbali kazi ni safi. Ukisogea, saruji imesimama nje kama mbavu, na tofali katikati yake limekuwa shimo la kina cha kidole gumba. Uso wa tofali umebanduka magamba, na unga wake mwekundu umejaa chini kama pilipili. Sababu ni hii: ukuta hunywa maji ya mvua na kuyatoa polepole. Chokaa kina matundu, hivyo maji hutokea kwenye viungo. Saruji haipitishi, hivyo maji hulazimika kutokea kwenye tofali, yakibeba chumvi. Chumvi inakauka ndani tu ya uso wa tofali, inavimba, inausukuma uso nje. Ukuta uliodumu miaka themanini bila kuguswa unaharibika miaka kumi baada ya kutengenezwa.

Mafundi wanaita dawa hii "kuimarisha." Hilo ndilo jambo la kugombana nalo safari nzima.

Siku ya 4. Kampala: Mengo, Namirembe, Makerere

Siku nzima kwa miguu na boda. Taksi za katikati ya mji zitakula muda wako wote.

Mengo ndiyo sekondari ya mji hasa. CMS iliianzisha 1895 chini ya kilima cha Namirembe, karibu na ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, wakati Kampala ya Waingereza ilikuwa ngome tu kwenye kilima cha jirani. Wanafunzi wa kwanza kabisa wa misheni, kabla hata ya shule rasmi, walifundishwa kusoma kwa Kiswahili, kwa sababu vitabu vya kwanza alivyokuwa navyo mmisionari Alexander Mackay vilikuwa vya Kiswahili. Kiganda kilichapishwa baadaye. Mwaka 1927 gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala nchini. Kabaka Daudi Chwa alipinga wazi, na makanisa ya Buganda yakawa upande wake. Msomaji wa Kiswahili akipita Mengo ajue anapita penye ugomvi wake wa zamani.

Historia ya ukuta wa Mengo isomwe kanisani juu, kwa sababu misheni ilikuwa ileile. Kanisa la Namirembe la nguzo na nyasi liliangushwa na upepo wa dhoruba mwaka 1894. Mmisionari Borup akafundisha vijana kufyatua na kuchoma matofali, na kanisa la matofali likawekwa wakfu 1904. Radi ikalichoma 1910. La sasa liliwekwa wakfu 1919. Hospitali ya Mengo nayo ilichomwa na radi 1902. Ndani ya miaka kumi na sita kilima kimoja kilipoteza majengo matatu, moja kwa upepo na mawili kwa radi, na shule ziko kwenye vilima vya aina hiyohiyo.

Kwa hiyo, radi. Juni 2011 wanafunzi 18 waliuawa kwa radi moja katika shule ya msingi ya Runyanya, Kiryandongo. Kinga ina sehemu tatu: ncha juu ya paa, utepe wa shaba wa milimita 25 kwa 3 unaoshuka nje ya ukuta bila kona kali, na fimbo za ardhini zenye urefu wa mita 1.2 au zaidi. Upinzani wa ardhi kwa umeme usizidi omu 10, na hupimwa kiangazi, si masika, maana udongo mkavu ndio mtihani. Kinachoharibika mara nyingi ni utepe wenyewe: wezi hukata mita mbili za chini na kuuza shaba. Ncha inabaki juu, inaonekana vizuri kutoka barabarani, na haijaunganishwa na kitu. Kinga ya namna hiyo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Dawa ni kuificha sehemu ya chini ndani ya bomba gumu la plastiki lililofungwa kwa zege hadi kimo cha mita 2.5, na kuikagua kila mwanzo wa muhula.

Tofali la zamani lipimwe hivi. Ligonge na jingine: lililoiva hulia, bichi hutoa sauti ya mbao. Lipime uzito likiwa kavu, lizamishe maji saa 24, lipime tena. Likiongezeka zaidi ya moja ya tano ya uzito wake, si la nje. Kwenye tanuri la kienyeji matofali ya katikati huiva, ya pembeni hubaki na rangi ya waridi. Mafundi wa zamani waliyaweka hayo ndani ya ukuta, wa sasa hawachagui. Ndiyo maana nyongeza ya miaka ya karibuni huanza kuliwa kabla ya jengo la asili.

Kiungo nacho kinajisema: kwaruza kwa msumari. Chokaa hutoka unga mweupe, udongo hutoka mwekundu na laini, saruji huacha alama ya chuma tu.

Alasiri Makerere, iliyoanza 1922 kama shule ya ufundi. Jengo kuu la 1941 liliungua usiku wa kuamkia 20 Septemba 2020, likafunguliwa upya 2024. Kwa shule kongwe onyo liko darini: nafasi moja ndefu isiyokatwa, mbao kavu na waya. Ukuta wa tofali unaopanda hadi chini ya bati kila baada ya madarasa mawili huuzuia moto usitembee. Ni matofali mia kadhaa na siku tatu za fundi.

Siku ya 5. Budo

Barabara ya Masaka, kisha kupanda. King's College Budo ilifunguliwa 1906 na CMS, mwalimu mkuu wake wa kwanza akiwa H. W. Weatherhead, kwenye kilima ambako Kabaka husimikwa, Naggalabi. Wito wake ni wa Kiganda, Gakyali Mabaga, yaani ndiyo kwanza mwanzo. Mfano wake ulikuwa shule za bweni za Uingereza: mabweni tofauti, kila moja na jina na msimamizi, yakizunguka uwanja.

Hapa angalia mabati. Bati hupimwa kwa geji, na namba ikiwa ndogo bati ni nene: geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 ni 0.3, geji 32 ni 0.25. Shule iweke 28. Anayeweka 32 kwa kuokoa pesa atalipa tena baada ya miaka kumi na tano, na dhoruba ya kwanza itampa hesabu ya awali. Msumari hupigwa juu ya mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni ambako maji hupita. Kwenye pembe za paa na ukingoni upepo hunyanyua zaidi, kwa hiyo msumari kila mgongo wa pili. Katikati kila wa tatu. Mkeka wa mpira chini ya kichwa cha msumari hukauka na jua, na hapo ndipo doa la dari linapoanzia, si kwenye bati. Vigae vyekundu unavyoviona kwenye majengo ya baadaye ni vya Kajjansi, kiwanda kilichoanza 1950. Ni vizuri, lakini mita mraba ya vigae huzidi kilo 40, mara kumi ya bati. Usiviweke juu ya mbao zilizokatwa kwa ajili ya bati.

Siku ya 6. Kampala, Mubende, Fort Portal

Karibu kilomita 300. Basi la asubuhi. Hakuna la kuandika ila chai ya milima ikianza Kyenjojo.

Siku ya 7. Nyakasura, Hima, Muhokya

Nyakasura ilianzishwa 1926 na Calwell, afisa mstaafu wa jeshi la maji la Uingereza, na wavulana wake bado huvaa sketi za Kiskoti. Hapa ardhi hutikisika. Tetemeko la 20 Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia katika eneo la Toro, na jingine likaja Februari 1994. Kinachoanguka kwanza ni ukuta wa pembetatu chini ya paa, kwa sababu hauna kitu cha kuushika. Ujenge kwa mbao na bati, si tofali. Juu ya madirisha zungusha mkanda wa zege usiokatika: nondo 4 za milimita 12, ringi za milimita 8 kila sentimita 20, mchanganyiko wa saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Mkanda unaoishia kwenye pembe bila nondo kukunjwa na kushikana hauna kazi. Tetemeko hufungua pembe kwanza. Hapa saruji iko mahali pake.

Kusini, barabara ya Kasese inapita mbele ya kiwanda cha saruji cha Hima. Usisimame. Endelea hadi Muhokya, ambako chokaa huchomwa kwa tanuri za kienyeji. Nunua iliyopigwa moto karibuni: donge jepesi, linalopasuka likiguswa maji. Lililolala wiki kadhaa hewani limekwisha kufa.

Kulizima donge, yaani kuligeuza uji: maji kwanza kwenye pipa la chuma, chokaa baadaye, kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chokaa linaruka na kuunguza macho. Miwani na glavu ni lazima. Koroga, chuja, acha uji ulale chini ya sentimita 5 za maji kwa miezi mitatu. Kisha sehemu 1 ya uji, 3 za mchanga mkali, na nusu ya vumbi la tofali lililoiva ili ishike hata kwenye unyevu. Kwangua kiungo cha zamani hadi milimita 25, kwa patasi, si kwa mashine ya kukata. Lowesha ukuta, jaza, funika kwa magunia mabichi siku saba. Kazi ifanywe Desemba hadi mwanzoni mwa Februari, mvua zikiwa zimekatika na wanafunzi wengi wako likizo. Uji uliozimwa Septemba utakuwa tayari wakati huo, kwa hiyo pipa liandikwe tarehe kwa rangi, na ufunguo wa stoo abaki nao mtu mmoja.